Kuhamia toleo jipya la Dungeons & Dragons bila kuvunja meza: mwongozo kamili

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani: mwendesha mchezo anasimulia, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu inaamua kama jambo limefaulu. Swali hili nimeulizwa na vijana wa Uyole, wa Iringa mjini, na mmoja wa Njombe anayeendesha mchezo sebuleni kwa dada yake: "Kaka, tumehamia toleo jipya, wiki ya pili watu wameacha kuja. Tumekosea wapi?"

Mnakosea pale pale nilipokosea mimi. Nilisimama mbele ya watu wangu pale Soweto, Mbeya, nikasema, "Jamani, kuanzia leo tunatumia sheria mpya." Wote wakaitikia sawa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu badala ya sita, na mmoja kati ya hao watatu alikuja kufuata mwavuli wake.

Sheria zenyewe hazikuwa na ubaya mkubwa. Kila mmoja alikuwa na toleo jipya lake kichwani, na mimi sikumuuliza hata mmoja.

Ninaposema toleo jipya namaanisha vitabu vitatu: cha wachezaji na cha mwendesha mchezo, vyote vya 2024, na cha viumbe kilichotoka Februari 2025. La zamani ni la 2014. Yote mawili yanahesabiwa kuwa toleo la tano, na balaa linaanzia hapo: yanafanana kiasi kwamba mtu anadhani anajua, kumbe anakumbuka.

Kuhusu maneno: darasa la mhusika (class), kama mpiganaji au kasisi, naliita fani; mgawanyiko wa ndani ya fani (subclass) naliita tawi. Maisha yake kabla ya safari naita chimbuko. Mfululizo wa michezo nauita safari, maana kampeni kwetu ina bendera na spika.

## Mahitaji

- Hati mbili za sheria za bure: namba 5.1 kwa toleo la zamani na 5.2.1 kwa jipya. Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, wameziweka wazi kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kuzipakua, kutoa kopi, hata kuzitafsiri kwa Kiswahili, mradi utaje chanzo kama leseni inavyoelekeza.
- Hela ya kuprinti kurasa chache. Kila hati ina kurasa zaidi ya 300. Usiingie steshenari ukasema "nitolee yote". Toa kurasa za fani zilizopo mezani kwako na zile za sheria za mapigano.
- Kopi ya karatasi ya kila mhusika ilivyo leo. Za asili usiziguse.
- Dadu, au vizibo (nitaeleza).
- Daftari moja na Jumamosi kadhaa.
- Mtunza sheria asiye wewe. Mwendesha mchezo akiwa mwamuzi na mtetezi wa toleo jipya kwa pamoja, kila uamuzi wake utaonekana wa upendeleo.
- Chai na viazi. Nasema kwa uzoefu: Julai ya Mbeya na njaa vikikutana, hata mpole anagombania mita moja na nusu ya ukungu.

Vizibo: chukua 20 vya soda, andika 1 hadi 20 kwa maka peni upande wa ndani, tia kwenye mfuko usioona ndani. Vuta kimoja, soma, rudisha, tikisa. Asiporudisha, namba zilizobaki zinabadilika na mchezo unapinda. Kwa dadu ya pande 8, tenga vizibo 8 kwenye mfuko wao. Programu ya simu pia inafaa, ila chaji ikiisha katikati ya pigano utavitafuta vizibo gizani.

## Hatua ya 1: Uliza mmoja mmoja, kabla ya kutangaza

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayobeba zilizobaki.

Kwetu mdogo hampingi mkubwa mbele za watu. Mezani kwangu kuna mwalimu wa sekondari ambaye wenzake wawili wanamwita kaka kwa heshima yote. Mwalimu akisema "toleo jipya zuri," hao wawili watasema sawa, na sawa hiyo haina maana yoyote. Utaijua Jumamosi watakapokuwa "wana msiba".

Kwa hiyo mfuate kila mtu peke yake. Njiani mkirudi, kituoni, dukani kwake. Muulize mambo matatu:

1. Mchezo wa mwisho, ulipofika nyumbani ulikuwa unafikiria nini?
2. Mhusika wako, kitu gani akinyang'anywa hutaona sababu ya kuja?
3. Umesikia nini kuhusu toleo jipya, na umesikia kwa nani?

Swali la kwanza linaonyesha anakuja kufuata nini. La pili linaonyesha mpaka wake. La tatu linafichua uvumi. Mmoja wangu alikuwa ameambiwa kwamba wahusika wa zamani "wamefutwa", akawa anaomboleza mtu ambaye hajafa.

Tahadhari: usijibu wala kutetea chochote katika hatua hii. Ukianza kueleza, anaacha kusema.

Utajua imefaulu ukiwa na majibu ya kila mtu kwa maneno yake mwenyewe, na hakuna hata moja linaloishia "sawa tu, mtakavyoamua". Ukilipata hilo, rudi tena siku nyingine.

## Hatua ya 2: Tenganisha malalamiko yanayofanana sauti

Soma daftari lako. Watu wawili watakuwa wamesema "silitaki toleo jipya" wakimaanisha mambo tofauti kabisa. Mmoja anaogopa gharama ya kitabu. Mwingine anaona mhusika wake amepunguzwa nguvu. Wa tatu amechoka kujifunza, sheria za zamani zilimtoa jasho mwaka mzima. Wa nne hajali sheria hata kidogo. Anapenda sauti unazoigiza, na hofu yake ni kwamba mtakuwa mnasoma karatasi badala ya kucheza.

Upande wa wanaolitaka ni vivyo hivyo. Mwalimu wangu alilitaka kwa sababu alidhani litamaliza ubishi. Kijana wa chuo alilitaka kwa sababu fani yake, mpiganaji wa upanga, ilikuwa inamchosha: kila zamu ni kupiga, kukaa, kusubiri. Hao wawili walikuwa upande mmoja, na bado mmoja wao angetoka amekasirika.

Kila jina liandikie sentensi moja: "Huyu anataka ___, anaogopa ___." Hofu ya gharama inajibiwa na hati ya bure siku hiyo hiyo, imalize. Hofu ya kuchoka inajibiwa na karatasi moja ya tofauti, ambayo ndiyo hatua inayofuata. Ile ya mhusika kupunguzwa nguvu haijibiwi kwa maneno. Isubiri Hatua ya 4.

Imefaulu ukiweza kutaja anachotaka kila mtu bila kufungua daftari.

## Hatua ya 3: Andika tofauti zinazowagusa watu wako tu

Tofauti ni nyingi. Ukizileta zote umeleta mtihani. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mambo yanayotokea mezani kwenu. Wetu ulikuwa hivi:

Kunywa dawa ya uponyaji. Zamani ilikula tendo lako zima la zamu. Sasa ni tendo la ziada, kwa hiyo unakunywa na bado unapiga.

Kushtukizwa. Zamani aliyeshtukizwa alipoteza zamu yake ya kwanza. Sasa anachukua dadu ndogo kati ya mbili wakati wa kupanga nani aanze, basi. Waviziaji wenu watalia hapa.

Uchovu. Zamani kila kiwango kilikuwa na adhabu yake ya kukariri. Sasa kila kiwango kinakutoa pointi 2 kwenye kila dadu ya pande 20 na futi 5 za mwendo. Cha sita kinaua, kama zamani.

Tawi la fani. Sasa fani zote zinachagua ngazi ya 3 (ngazi ni kiwango cha nguvu, kinapanda kadiri mhusika anavyocheza). Zamani kasisi alichagua ya 1, mwanachuo wa uchawi ya 2.

Umahiri wa silaha. Kitu kipya kabisa kwa wapiganaji. Mwenye upanga mkubwa, kwa mfano, akikosa bado anamjeruhi adui kidogo kwa kiasi cha nguvu zake. Nilipomsomea kijana wa chuo mstari huo alisogeza kiti.

Pointi za mwili na akili. Nyongeza zilizotoka kwenye jamii ya mhusika (binadamu, kibeti na kadhalika) sasa zinatoka kwenye chimbuko lake, pamoja na kipaji kimoja cha kuanzia.

Jamii. Nusu-elfu, yaani mzao wa binadamu na elf wa hadithini, hayumo kwenye kitabu kipya cha wachezaji. Sisi tuna mmoja. Kwa kuwa elfu kwetu ni noti, mezani anaitwa Mia Tano. Mia Tano hajafukuzwa: kitabu kipya kinaruhusu jamii za vitabu vya zamani, ila nyongeza zake za pointi unaziacha na kutumia za chimbuko.

Paladini, yaani shujaa wa vita mwenye kiapo na uchawi mtakatifu. Huyu anahitaji aya zake. Zamani, kila upanga wake ulipompata adui aliweza kuchoma nafasi ya uchawi (moja ya mara chache anazoweza kuroga kabla ya kupumzika) na kuongeza pigo takatifu. Kuanzia ngazi ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, kwa hiyo mapigo takatifu mawili kwa zamu moja, na jitu linaanguka. Sasa pigo hilo limekuwa uchawi rasmi unaotumia tendo la ziada. Tendo la ziada ni moja kwa zamu. Pigo takatifu moja, mwisho.

Mchezaji wako akisema "wameniibia," kwa hilo ana haki. Usimwambie amekosea. Mwambie pia alichopewa: anapata pigo moja la bure kwa kila mapumziko marefu, kuponya kwa mikono sasa ni tendo la ziada, na ngazi ya 5 anaita farasi mara moja kwa siku bila kulipa nafasi ya uchawi. Na mwambie ukweli wa mwisho: dawa, kuponya na pigo takatifu vyote vinagombania tendo lile lile la ziada, limekuwa daladala ya Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni.

Tahadhari: usiandike "bora" wala "mbaya" kwenye ukurasa huu. Andika kilichokuwa na kilichopo.

Imefaulu kama mpinzani mkali kuliko wote akiusoma anasema, "Hapa hujadanganya."

## Hatua ya 4: Chezeni pigano moja mara mbili

Jumamosi ya pili. Hakuna mjadala leo. Pigano lile lile, kwanza kwa sheria za zamani, kisha mnapumzika, mnakula viazi, mnarudia kwa mpya.

Chagueni mahali wanapopajua ili akili zao zisihangaike na ramani. Sisi tulitumia Daraja la Mungu kule Kiwira: daraja la mwamba juu ya mto, ukungu wa asubuhi, majitu matatu yamejificha ng'ambo. Nusu ya watu mezani wameshawahi kusimama pale kwenye safari ya shule. Sikuhitaji kuchora kitu.

Fuateni haya:

1. Wahusika wote wawe ngazi ya 5. Chini ya hapo paladini hana mapigo mawili, na hoja yake haitaonekana.
2. Maadui watumie takwimu za hati ya zamani mara zote mbili (jitu, kwenye hati linaitwa ogre: kinga 11, uhai 59). Ukibadilisha na maadui pia, hutajua kilichobadilisha pigano ni wachezaji au majitu.
3. Majitu yawashtukize wachezaji mara zote mbili.
4. Kila mmoja awe na dawa moja na mmoja aanze akiwa na nusu ya uhai, ili dawa ziguswe.
5. Mtunza sheria aandike mizunguko ilikuwa mingapi na nani alikaa muda mrefu bila kufanya kitu.

Hilo la mwisho ndilo dhahabu. Kwetu, kwa sheria za zamani watu wote walipoteza zamu ya kwanza wakitazama majitu yakiwaponda, na yule binti anayecheza mponyaji alitumia zamu mbili kunywesha watu dawa tu. Kwa mpya alipiga kila zamu. Paladini naye akaona pengo lake kwa macho: pigo moja badala ya mawili. Lakini kijana wa chuo alikosa mara tatu, na bado jitu likafa kwa majeraha ya yale makosa yake. Akapiga meza. Mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Hapo nikukumbushe: "muue" na "mroge" vinapita dirishani. Waeleze mapema majirani mnacheza nini.

Tahadhari: dadu moja ya ajabu isiwe hukumu. Ikitokea ishirini mbili mfululizo, semeni wazi kwamba hiyo ni bahati, haihusu toleo.

Imefaulu pale mtu anapoanza kusema "kwangu mimi pale darajani..." badala ya "nimesikia toleo jipya...".

## Hatua ya 5: Amueni, mkianza na mdogo

Jumamosi ya tatu. Aanze kusema mdogo kuliko wote, mkubwa amalizie. Ukigeuza mpangilio umerudi kwenye zile sawa za Hatua ya 1.

Njia ni tatu: mbaki, mhame, au mchanganye.

Ushauri wangu: kama safari yenu imeshavuka ngazi ya 6 au 7, imalizeni kwa sheria za zamani na mwanze mpya kwa sheria mpya. Mtu aliyemjenga paladini miaka miwili kwa hesabu ya mapigo mawili hukumuahidi mapigo mawili kwa mdomo, lakini mchezo ulimuahidi. Kama ndiyo kwanza mko ngazi ya 1 hadi 3, hameni sasa, hakuna cha kupoteza.

Kuchanganya ndiko kunakoua meza nyingi, kwa sababu kila mtu anachukua kitamu cha pande zote. Anayecheza drafti anaelewa: ukifika kijiwe kipya unauliza kwanza kingi anatembeaje hapa, na mkishakubaliana huwezi kuleta sheria ya kijiwe chenu katikati ya mchezo kwa sababu kete yako imebanwa. Mkitaka kuchanganya lazima, fuateni hili: mhusika mmoja, toleo moja. Fani ya zamani iende na sheria za fani za zamani mpaka mwisho. Lakini mambo yanayowagusa wote, yaani kushtukizwa, uchovu na dawa, yawe ya aina moja kwa meza nzima.

Andikeni makubaliano kwenye ukurasa mmoja: toleo gani, isipokuwa nini, nani mtunza sheria, ubishi ukitokea anaamua nani kwa siku hiyo, na tarehe ya kuyapitia upya. Sahihi si lazima, ingawa mwalimu wetu alidai na muhuri.

Imefaulu ikiwa angalau mtu mmoja amekubali kitu asichokipenda, na anaweza kueleza amepata nini badala yake.

## Hatua ya 6: Kuhamisha mhusika

Kama mmeamua kubaki, ruka hatua hii.

Kosa la kawaida ni kufuta na kuandika juu ya karatasi ya zamani. Mhusika anatoka na nyongeza za jamii na za chimbuko, ananona kuliko wenzake, ugomvi unaanza. Jengeni upya kutoka ngazi ya 1, kwa mpangilio huu:

1. Andika pointi sita za msingi kabla ya nyongeza yoyote ya jamii.
2. Chagua chimbuko. Linataja sifa tatu: ongeza 2 kwa moja na 1 kwa nyingine, au 1 kwa kila moja. Hati ya bure ina machimbuko manne tu, kwa hiyo soma kabla ya kupenda jina. Mwanajeshi anaongeza nguvu, wepesi na ustahimilivu. Paladini anayetaka haiba hataipata hapo.
3. Chukua kipaji cha chimbuko hilo. Chimbuko la zamani lisilo na kipaji linakuruhusu kuchagua kimoja cha kuanzia.
4. Weka jamii, bila nyongeza za pointi.
5. Panda ngazi moja moja. Tawi linakuja ngazi ya 3, hata kama zamani lilikuja mapema.
6. Mpiganaji achague silaha za umahiri wake. Paladini ni aina mbili.
7. Hamisha hazina, madeni, majeraha na maadui kama vilivyo.

Usidharau hiyo namba 7. Mchezaji anaweza kusamehe pigo lililopungua; hawezi kusamehe upanga alioupata kwa shida ukapotea kwenye "kuhamisha".

Imefaulu ukilinganisha karatasi mbili na mchezaji mwenyewe akakuambia, bila kuulizwa, "bado ni yeye."

## Hatua ya 7: Jaribio, kisha kikao kifupi

Chezeni mara mbili au tatu bila kugusa makubaliano. Ubishi ukizuka, mtunza sheria anaamua ndani ya dakika moja, anaandika swali, mnaendelea. Majibu ya kitabu yatafutwe baada ya mchezo, si mtu ameinamia simu wakati majitu yanasubiri.

Angalia dalili. Mtu akianza kuchelewa, akishika simu zamu isiyo yake, au akiacha kuigiza na kutaja namba tu, mfuate peke yake kama Hatua ya 1. Usimuulize anaonaje sheria. Muulize swali la kwanza tu: ulipofika nyumbani ulikuwa unafikiria nini?

Na anaweza kuondoka hata ukifanya yote haya. Paladini wetu alimaliza safari kwa sheria za zamani, akashukuru, akasema safari mpya atapumzika kwanza. Karatasi yake ya asili iko kwenye bahasha ya kaki, nyuma ya sahani za udongo, kabatini. Mwezi uliopita alipita kunisalimia, akauliza kama farasi ni wa bure kweli.